Dawa ya Jino Si Kung'oa

"Dawa ya jino bovu ni kung'oa," husema watu, na kauli hiyo imepata nguvu hata hutumiwa kwenye siasa, ndoa na biashara, kila penye jambo lililoharibika. Huko iendako inaweza kuwa na ukweli wake. Kwa jino lenyewe, mara nyingi haina. Jino lililotoboka bila kiini chake kufikiwa lina dawa nyingine, nayo ni kuliziba kwa dawa yenye rangi ya jino. Ufundi huo husifiwa kwa uzuri wake: mtu acheke, asionekane kama ana kiraka. Sifa hiyo ni ya kweli, ila ni ndogo kuliko nyingine inayosahaulika. Ubora mkubwa wa ziba hii ni kwamba humwezesha fundi kukata kidogo na kubakiza kingi. Na dai hili halipimwi katika kliniki yenye kiyoyozi. Lipimwe Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, mwisho wa barabara inayotoka Bigwa ikipita Matombo, Mvuha na Dutumi, ambako treni ya TAZARA husimama kisha ikaendelea na safari yake, na ambako mtu mwenye jino linalouma hana daktari wa kuchaguachagua.

Ili kuiona tofauti, tutazame kilichokuwapo kabla. Kwa zaidi ya karne moja magego yalizibwa kwa mchanganyiko wa fedha na madini mengine, karibu nusu ya uzito wake ikiwa zebaki. Mchanganyiko huo haushikamani na jino. Hushikiliwa na umbo la shimo tu. Kwa hiyo fundi alilazimika kulichimba shimo liwe pana chini kuliko juu, na kwa mafundisho ya Greene Vardiman Black wa Chicago, mwalimu aliyetawala taaluma hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, alilipanua pia hadi kwenye vifereji vizima ili visije vikaoza baadaye. Sehemu isiyooza ilikatwa kwa ajili ya ziba. Mwaka 1955 Michael Buonocore, wa Rochester nchini Marekani, alionyesha kwamba asidi ya fosfori ikipakwa kwenye ganda gumu la jino huliachia vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na utomvu wa plastiki ukiingia humo na kukauka haubanduki kirahisi. Miaka michache baadaye Mmarekani mwingine, Rafael Bowen, akatengeneza utomvu madhubuti uliochanganywa na chembe za madini, na hapo ndipo ilipozaliwa kompositi, ile ziba yenye rangi ya jino tuijuayo leo. Tangu siku hiyo shimo halikuhitaji tena umbo la mtego. Fundi huondoa kilichooza, akasimama hapo hapo.

Kusimama huko ndiko kugumu. Kazi huanza kwa kuchagua rangi jino likiwa bado na unyevu wake, kwa sababu likikauka hupauka na kumdanganya mtazamaji. Na rangi ya jino si nyeupe: kipimo kinachotumika sana kina vivuli 16 vya umanjano, wekundu na kijivu, na kwa wenyeji wa sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Singida, ambako maji ya visima yana floraidi nyingi, jino zima laweza kuwa na madoa ya kahawia. Kisha huja ganzi, na kuchokonoa uozo: ulio laini na unyevu hutolewa, lakini karibu na kiini mkono wenye hekima huacha tabaka lililolegea kidogo, kwa kuwa likifunikwa vizuri litatulia, na likichokonolewa kiini chaweza kutoboka. Jino huzungushiwa pamba au mpira mwembamba, maana tone moja la mate juu ya sehemu iliyopakwa asidi latosha kuiharibu kazi nzima. Asidi hukaa sekunde 15 hadi 30, huoshwa, na ganda huonekana limefifia mithili ya chaki. Hupakwa gundi, halafu kompositi kwa matabaka yasiyozidi milimita mbili hivi, kila tabaka likimulikwa kwa taa ya buluu hadi ligande. Sababu ya matabaka ni kwamba kompositi husinyaa inapoganda, na donge kubwa likisinyaa kwa mkupuo hujivuta kutoka kwenye ukuta wa jino na kuacha upenyo. Mwisho mgonjwa hung'ata karatasi ya rangi, na kila doa linalozidi hukwanguliwa mpaka meno ya juu na ya chini yakutane kama zamani. Ziba ikifaulu, mtu husahau ni jino gani lililozibwa.

Hapa msomaji wa Kisaki ana haki ya kuuliza: taa ya buluu, mashine ya kukereza na kifaa cha kufyonza mate vinahitaji umeme usiokatika, na mtaalamu wake yuko Morogoro mjini, nyuma ya barabara ambayo masika huigeuza tope. Hoja ni nzito, na jibu lake lilianzia nchini mwetu. Katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken, daktari kutoka Uholanzi, pamoja na wenzake wa shule ya meno ya Dar es Salaam, walianza kuziba meno vijijini kwa vyombo vya mkono peke yake: kijishoka kidogo cha kupanulia mdomo wa shimo, vijiko vya kuchokolea uozo, pamba, na saruji inayoganda yenyewe. Mgonjwa alilazwa juu ya meza. Mara nyingi ganzi haikuhitajika, kwa kuwa uozo hauna hisia kama jino zima. Baadaye nafasi kuu ilichukuliwa na saruji ya kioo, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent: unga wa kioo ukikorogwa na asidi, hushikamana na chokaa ya jino, hutoa floraidi kidogo kidogo, na rangi yake hukaribia ya jino. Fundi huikandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini, akamwambia mgonjwa asile kwa saa moja. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliupokea ufundi huo, na mwaka 2021 saruji hiyo ikaingizwa katika orodha yake ya dawa muhimu. Umeme, basi, ni msaada tu katika ufundi huu. Roho yake ni mkono unaojua pa kuishia.

Wapo watakaosema ziba ya zebaki hudumu zaidi, nao wana ushahidi. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2014 yaliona kwamba kwenye magego kompositi iliharibika karibu mara mbili ya zebaki, hasa kwa uozo kurudi pembeni mwa ziba. Saruji ya kioo nayo huhimili vizuri shimo la upande mmoja, lakini shimo linaloshika pande mbili huishinda mapema. Sipingi. Ila kudumu kwa ziba si kipimo pekee. Kuna kudumu kwa jino. Ziba ya kubandika ikivunjika, aghalabu hutengenezwa upya juu ya jino lililobaki na nyama yake, ilhali shimo lililopanuliwa kwa ajili ya zebaki huacha kuta nyembamba zinazoweza kupasuka. Isitoshe, kwa Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, dunia inaiacha zebaki, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kutoitumia, ila ikibidi, kwa watoto walio chini ya miaka 15 na kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Anayeitetea zebaki kwa Kisaki anaitetea njia inayofungwa.

Wengine husema kung'oa ni rahisi na humaliza maumivu siku hiyo hiyo. Ni kweli pale kiini kimeoza na usaha umetunga, na hakuna wa kutibu mzizi. Lakini gego la chini likitoka, ya jirani huinamia pengo, la juu hushuka kulitafuta, na mlaji huhamia upande mmoja. Na wanaosema kinga ni bora, wasugue meno na kupunguza sukari, wanasema kweli, hasa katika mkoa huu wa Morogoro wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa. Hata hivyo, mswaki hauwezi kulijaza tundu lililokwisha kuchimbika.

Kwa hiyo maombi ni mawili. Halmashauri ipeleke kwenye vituo vya afya vya vijijini matabibu wa meno wenye vijiko, saruji na muda wa kuitumia, si koleo peke yake. Na wewe msomaji, ukikaa kwenye kiti ukaambiwa jino litoke, uliza kwanza: je, haliwezi kuzibwa?