Ganda la Mumunye Nalo ni Sanaa

Tunapohakiki sanaa za Rwanda na Burundi, aghalabu tunawasifu wasusi wa vikapu na kumsahau fundi wa vibuyu. Mumunye lililokomaa hukaushwa, nyama na mbegu zikatolewa, likabaki ganda gumu. Ganda hilo huwa igisabo cha kusukasukia maziwa yatoe siagi, au hufungwa kwenye upinde wa umuduri likakuza sauti ya ugwe.

Baadhi ya vibuyu wanavyouziwa watalii hupakwa rangi hata ganda lisionekane. Hatupingi biashara, ila igisabo hupimwa kwa siagi, umuduri kwa sauti.

Nasi walimu tuna kosa: darasani vyote tunaviita “chombo”, ilhali Kiswahili kina dundu, kibuyu na kitoma. Mwanafunzi asiyeweza kukitaja kitu atakihakikije?