Noti Tatu Katika Hatua Kumi na Sita

Ukishikilia do, mi na so kwa pamoja wakati apejieta imewashwa, kibodi huziachanisha noti hizo na kuzipiga moja baada ya nyingine. Hilo prodyuza yeyote analijua. Kinachopuuzwa ni hesabu ya mzunguko, na kwangu mimi utamu wote umo humo.

Chukua kibodi ndogo ya Akai MPK Mini. Weka mgawanyo kwenye 1/16, yaani noti nne kwa kila pigo, 16 kwa kipimo cha mapigo manne. Kwa mtindo wa kupanda tu, mzunguko una noti tatu, na 16 haigawanyiki kwa 3. Kipimo cha kwanza kinafunguliwa na do, cha pili na mi, cha tatu na so. Do hairudi mlangoni hadi cha nne. Ngoma haijabadilika hata kidogo, lakini muziki unasukumwa mbele.

Hamia kwenye Exclusive, mtindo wa kupanda na kushuka bila kurudia noti za pembeni: do, mi, so, mi. Sasa ni nne, na kila pigo linaanza na do. Inafaa chini ya sauti ya mwimbaji mwenye maneno mengi. Ikiachwa peke yake huchosha upesi. Lakini ongeza oktavu moja. Noti tatu zinakuwa sita, kupanda na kushuka kunatoa kumi, na mzunguko hauangukii tena mwanzoni mwa kipimo hadi vipite vitano. Ubeti wa vipimo vinane utaisha mzunguko ukiwa bado njiani. Napenda sana hali hiyo.

Mtindo wa kubahatisha unaifuta hesabu hii. Nick Rhodes wa Duran Duran aliutumia kwenye Roland Jupiter-4, sintesaiza ya 1978, katika wimbo "Rio" wa 1982, mwaka mmoja kabla ya kuja kwa MIDI, lugha ya kuunganisha ala za kielektroniki. Noti hazitabiriki, ila muda kati yake haulegei, na ndiyo maana wimbo hausambaratiki. Kwenye MIDI muda huo hutunzwa na saa inayotuma ishara 24 kwa kila pigo. Noti ya 1/16 inakula sita. Basi ukirekodi kwenye kompyuta, iambie kibodi ifuate saa ya nje. Saa mbili zikienda kila moja kivyake zitaachana tu, hata kama zote zinaonyesha mapigo 120 kwa dakika.

Imebaki swing, yaani kurefusha noti ya kwanza ya kila jozi na kufupisha ya pili. Kwa kasi ya 120, noti mbili za 1/16 huchukua milisekunde 250. Kwenye asilimia 64, ya kwanza inapata 160 na ya pili 90. Katika mzunguko wa noti tatu, kila noti hupokezana urefu na ufupi. Katika ule wa nne, do na so ni ndefu siku zote na mi ni fupi siku zote. Kama mi ndiyo unayotaka isikike, badili mpangilio kabla hujagusa kitufe cha sauti.