Mawimbi katika mkeka wa Miburani

Mkeka huu wa ukindu umesukwa na mama mmoja wa Miburani, kisiwani Mafia. Mawimbi mekundu yanapanda na kushuka toka ukingo hadi ukingo, na kwa mbali utadhani yamepakwa rangi. Hayakupakwa. Wekundu wote uliingia sufuriani, kabla hata ya kusuka kuanza.

Msukaji hasuki mkeka mzima kwa mkupuo. Anasuka ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, chane zikipita mshazari. Chane ikifika ukingoni hukunjwa na kurudi upande wa pili, kwa hiyo chane nyekundu iliyopangwa vizuri mwanzoni huchora wimbi lenyewe: inakwenda, inakunja, inarudi. Ukiongeza idadi ya chane, ukili unapanuka na wimbi linarefuka. Chane inapokaribia kwisha, nyingine ya rangi ileile hulazwa juu yake. Kosea rangi hapo, wimbi linakatika.

Ukindu wenyewe hutoka kwenye majani machanga ya mkindu, yaliyokatwa kabla hayajachanua. Ndiyo maana ni laini na meupe. Huanikwa, huchanwa, kisha huchemshwa na rangi. Zamani mdaa ulitoa weusi na manjano yakatoa umanjano. Siku hizi rangi ya unga ya dukani imerahisisha kazi. Wakati wa kusuka chane hulowekwa kidogo. Zikiwa kavu hukatika kwenye kunjo. Zikilowa mno husinyaa baadaye na kuacha mianya.

Kwangu mimi, ustadi mkubwa uko kwenye kushona. Kili huunganishwa ubavu kwa ubavu, na vilele vya mawimbi lazima vikutane. Mkono ukilegea kwenye ukili mmoja, wimbi lake hurefuka na halilingani tena na jirani yake. Hapa, mshono baada ya mshono, vilele vimekutana barabara. Karibu na pembe moja tu kimoja kimepishana na mwenzake kwa upana wa chane, na mshono unaofuata umekwisha kurudi kwenye mstari. Kumudu hivyo bila rula wala mchoro ni kazi ya fundi hasa, na inastahili bei nzuri.

Ukinunua mkeka, ugeuze. Ncha za chane zilizoungwa hubaki upande wa nyuma. Za huu zimepunguzwa zote, hakuna hata moja inayokwaruza kiganja.