Mfasiri wa Sinema na Kicheko cha Kale: Maoni Kutoka Kaaga

Hivi karibuni, katika ukumbi mmoja hapa Kaaga, kaskazini mwa mji wa Meru, ilionyeshwa filamu ya kale ya vichekesho ya Charlie Chaplin iitwayo Easy Street, iliyotengenezwa mwaka 1917. Waalikwa walikuwa wa namna mbili: wanafunzi, na wazee wa jirani walioambiwa kwamba wangeonjeshwa tena utoto wao. Filamu ile haina maneno. Ilisindikizwa na muziki wa piano. Wanafunzi walicheka kidogo kidogo. Wazee, ambao ndio hasa waliofanyiwa karamu, walikaa kimya kama watu waliokuja matangani. Kisha, Chaplin alipolificha sanduku la sadaka ndani ya suruali yake pana, mzee mmoja akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, akimwonya mwizi yule kwamba mchungaji amekwisha kuhesabu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na tangu hapo mzee hakunyamaza tena. Mmoja wa waandalizi alimsogelea akamnong'oneza atulie, ili watu wapate kuitazama filamu.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mwandalizi yule alikosea, na kwa nini kosa lake ni letu pia, sisi tunaofundisha fasihi ya Kiswahili. Siku hizi mazungumzo juu ya sinema za kale za vichekesho yamejaa majuto: kwamba zamani watu walicheka zaidi, na kwa mambo safi zaidi. Hapana shaka walicheka. Lakini kicheko kinachokumbukwa hakikutoka katika kitambaa cheupe peke yake. Kilitoka kwa mtu aliyesimama kando ya kitambaa hicho akiwa na kipaza sauti mkononi, na mtu huyo hatujampa nafasi yoyote katika uhakiki wetu.

Yafaa tukumbushane historia kwa ufupi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palifanyika jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, na maelezo yake yakatiwa katika sahani za santuri. Mwaka 1939 kikaundwa London Kitengo cha Filamu za Makoloni, na William Sellers akawa mtayarishaji wake mkuu. Sellers alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, na kwamba hila za kamera humpotosha. Kwa hiyo filamu ziwe za polepole, za jambo moja moja. Magari ya sinema yalipozunguka vijijini, mtu wa mahali alisimama kueleza picha kwa lugha inayoeleweka. Twaona hapa kinyume cha ajabu. Filamu fupi za Chaplin, ambazo kila kitu chake ni mbio, hila na mabadiliko ya ghafla, ndizo zilizopendwa kuliko zote na watazamaji wale wale waliodhaniwa kuwa na macho mazito. Neno chale, lenye maana ya mchekeshaji, halikosi kumkumbusha msikilizaji jina la Charlie.

Kwa watawala, mfasiri alikuwa chombo cha kufikishia ujumbe tu. Mwandishi wa makala haya alimsikia mfasiri wa namna hiyo akiwa mtoto, miaka michache baada ya Uhuru, katika uwanja wenye baridi ya mlima, jenereta ikinguruma nyuma ya gari na watoto wameketi chini mbele kabisa. Kwanza zilikuja picha za mafunzo, ambazo zilivumiliwa. Kisha alikuja Chale.

Na tutazame basi alilolifanya. Katika filamu yenyewe Chaplin ni mtu asiye na kazi wala makao. Anaingia katika nyumba ya ibada ya misheni, moyo wake unaguswa na msichana anayehudumu hapo, anarudisha sanduku aliloliiba, kisha anaajiriwa polisi na kupelekwa katika mtaa wa wakorofi ambako askari waliomtangulia wamepigwa wakavunjika. Huko anakutana na pandikizi la mtu ambalo, ili kuonyesha nguvu zake, linaupinda mlingoti wa taa ya barabarani. Chaplin analiingiza kichwa katika taa hiyo na kulifungulia gesi mpaka linalala.

Katika kinywa cha mfasiri wetu, Chaplin alikuwa kijana wa kijiji cha pili, aliyerejea kutoka shamba la Mzungu bila mshahara. Polisi akawa askari kanga, yaani askari wa chifu. Mtaa wa wakorofi ukawa kijiji kinachopika pombe bila kibali. Taa ya gesi haikuwa na mfano wake hapa Kaaga; akaifanya karabai, na akaeleza kwamba jitu limezirai kwa kuwa limeona mwanga kwa mara ya kwanza tangu liache shule. Kuhusu ule mwendo mashuhuri wa Chaplin, nyayo zimeelekea pande mbili, alisema kwamba miguu yake inabishana: mmoja unataka kwenda Nkubu, wa pili unataka kwenda Maua. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya mwendo ule. Sijasoma maelezo mafupi kuliko hayo ambayo ni ya kweli kiasi hicho.

Kuliita jambo hili tafsiri ni kupunguza haki yake. Filamu haikuwa na maneno ya kutafsiriwa. Mfasiri alitunga, na alitunga papo kwa papo, akipokea kutoka kwa hadhira na kuirudishia. Mtu akicheka upande wa kushoto, utani uliofuata ulimwelekea yeye. Chifu akiwapo, askari kanga alikuwa mwerevu kidogo. Asipokuwapo, alikuwa mjinga kabisa. Yaani matini ilibadilika kulingana na nani ameketi kwenye kiti cha mbele. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba utanzu hautambuliwi kwa maneno peke yake, bali kwa fanani, hadhira, mahali na tukio. Kwa kipimo hicho mfasiri wa sinema ni fanani kamili. Lakini ukimtafutia chumba katika zile tanzu sita, masimulizi yanamkataa kwa sababu kisa si chake, na maigizo yanamkataa kwa sababu waigizaji wako mbali na wamekwisha kufa. Wajapani walikuwa na wasanii wa aina hii wakati wa sinema bubu, walioitwa benshi, na baadhi yao walipata sifa kupita waigizaji wenyewe. Sisi tuliwasahau wetu. Filamu za Tanganyika za mwanzoni mwa miaka ya 1950, kama vile Muhogo Mchungu, angalau zinatajwa, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba mwigizaji wake mkuu, Rashidi Kawawa, alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Mfasiri hakuwa waziri wa chochote.

Hapo ndipo wenzangu wengine watakapotaka kumfanya shujaa, na hapo ndipo ninapoachana nao. Ni rahisi kusema kwamba kwa kumgeuza polisi wa Chaplin kuwa askari kanga, mfasiri aliupiga vita ukoloni. Tusisahau gari lilikuwa la nani. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, Meru na Embu zikiwa miongoni mwa sehemu zilizobanwa, magari ya sinema yalitumiwa kueneza maneno ya serikali kwa watu waliokuwa wakihamishiwa vijijini kwa nguvu. Kichekesho kilikuwa chambo, na mfasiri ndiye aliyeshika ndoana. Tena, kinywa kile kile kilichomcheka askari kiliwacheka pia wanawake, vilema, na jirani zetu wa nyanda za joto, na sisi watoto tulicheka yote kwa pamoja bila kuchagua. Kicheko kile hakikuwa safi. Anayekisafisha leo kwa ajili ya kumbukumbu anatunyang'anya ushahidi wa jinsi tulivyofundishwa kudharau.

Jambo la lugha ni zito zaidi, na ndilo linalonigusa nikiwa mwalimu. Kiswahili cha mfasiri yule hakikuwa sanifu. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa mgeni kwake. Kila kitu kwake kilikuwa "hii" na "ile", na pale Kiswahili kilipomwishia aliruka akaingia Kimeru bila kubisha hodi. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kusikia hoja kwamba watu kama hawa ndio walioiharibu lugha huku bara. Nami kwa miaka kadhaa nilisema hivyo hivyo darasani. Lakini kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, mtoto wa Kaaga aliweza kumaliza shule akiwa amesikia Kiswahili kingi zaidi penye gari la sinema kuliko darasani. Tena alikisikia kikifanya kazi ambayo vitabu vyetu vya kiada havikukipa, kazi ya kuchekesha. Katika vitabu Kiswahili kilikuwa lugha ya maagizo na maadili. Pale uwanjani kilikuwa lugha ya ulimi mwepesi, na mtoto aliyefahamu kwamba miguu ya mtu yaweza kubishana alikuwa amekwisha kufundishwa tashihisi bila kuambiwa jina lake.

Michezo ya televisheni iliyokuja baadaye, Vioja Mahakamani na Vitimbi, ilirithi sehemu ya sanaa hii, ila ilirithi zaidi ule mzaha wa lafudhi. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyejulikana nchi nzima kama Mzee Ojwang', mwenye lafudhi ya Kijaluo. Alikuwa bingwa, lakini suala la nani anachekwa kwa matamshi yake, na nani anaruhusiwa kuyaiga, lastahili makala yake peke yake.

Warithi hasa wa mfasiri wako mahali ambapo idara zetu hazitazami. Tanzania alikuwako Lufufu, ambaye sauti yake moja ilichukua nafasi ya sauti za waigizaji wote wa filamu ya kigeni. Uganda kuna wale wanaosimulia filamu kwa Kiganda. Kwetu Kenya, DJ Afro amesikika katika vibanda vya video vya miji midogo, na wanafunzi wangu waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wamekwisha kuanza kumkumbuka kwa yale yale majuto ambayo wazee wanamkumbuka nayo mfasiri wa uwanjani. Hawasemi kwamba wanaikumbuka filamu ya Kichina, wanamkumbuka aliyewasimulia. Tofauti ni kwamba sauti ya DJ Afro imerekodiwa. Ya mfasiri wa gari la sinema imo katika vichwa vya watu waliopita umri wa miaka sitini, na tumekuwa tukiwatuma wanafunzi wetu kwa watu hao hao kukusanya vitendawili ambavyo vimekwisha kukusanywa mara kumi.

Narudi ukumbini. Easy Street inamalizika kwa amani: mtaa umetengenea, pana nyumba mpya ya ibada, na jitu lile, limevaa vizuri, linakwenda kusali pamoja na mkewe. Taa zilipowashwa mzee wetu alikataa kuinuka. "Huo si mwisho wake," alisema. Akatueleza kwamba zamani ukanda ulikuwa ukikatika karibu na sehemu ile, kitambaa kikabaki cheupe, na mfasiri, ili watu wasitawanyike, akamalizia hadithi kwa mdomo katika giza. Katika mwisho huo, Chale anakwenda kwa chifu kudai mshahara wake, na analikuta lile jitu limeketi mlangoni, limevishwa sare yake. Wazee wawili waliafiki kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wa tatu alishikilia kwamba hapana, Chale alimwoa yule msichana na kupewa miche ya kahawa. Walibishana hivyo mpaka nje, na sikuwa na kinasa sauti.