Gundi Dhaifu, Kauri Shupavu

Kwenye joto kali, kauri hukishinda chuma. Silikoni kabaidi hubaki imara mahali ambapo aloi za nikeli hulainika, tena uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa aloi hizo. Kinachoiponza ni ufa. Mwaka 1921, A. A. Griffith wa Uingereza alieleza, baada ya kuvunja vioo vingi, jinsi ufa mdogo unavyokusanya mkazo kwenye ncha yake. Chuma hunyumbuka kidogo pale nchani na kuupunguza mkazo. Kauri haina uwezo huo.

Mwanafunzi wa uhandisi akiambiwa autibu udhaifu huu, aghalabu hukimbilia kushikamanisha kila kitu kwa nguvu zaidi. Dawa ni kinyume chake.

Mfano bora wa kufundishia ni kazi ya W. J. Clegg na wenzake, iliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1990. Walichanganya unga wa silikoni kabaidi na polima, wakautandaza kuwa karatasi nyembamba, wakazipaka grafiti, wakazipanga na kuzikandamiza, kisha wakazichoma tanurini. Grafiti ilichaguliwa kwa sababu ni dhaifu: ufa ukiifikia, huibandua na kukimbilia pembeni. Ili kuendelea mbele, lazima ufa mpya uanze katika tabaka linalofuata.

Maabara hulionyesha hili waziwazi. Kipande hulazwa juu ya vitegemeo viwili na kukandamizwa katikati, huku grafu ikichorwa ya kani dhidi ya kupinda kwake. Kauri ya kawaida huchora mstari unaopanda, kisha husikika mlio mmoja na kani hurudi sifuri. Kauri ya tabaka hushuka kwa vidato, ikiendelea kubeba mzigo. Eneo lililo chini ya mstari ndiyo kazi iliyotumika kuivunja. Katika majaribio ya Clegg kazi hiyo iliongezeka zaidi ya mara mia.

Kanuni hiyohiyo imo katika injini ya ndege ya LEAP, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016. Baadhi ya vipande vya turbini yake ni kauri yenye nyuzi za silikoni kabaidi, zilizopakwa ganda jembamba linaloziruhusu kuteleza ufa unapopita.

Kwa hiyo, mtihani unaodai kani ya juu kabisa peke yake hauupimi uelewa huu. Mwanafunzi achore njia ya ufa kando ya grafu, na kwa kila kidato aonyeshe ni tabaka lipi limevunjika.