Sentensi za Profesa Tanaka

Anayejifunza Kijapani kwa kukariri orodha ya maneno hukwama mapema. Sarufi ya lugha hiyo imebebwa na vijineno ambavyo peke yake havishikiki. Sisi husema "maktabani", iwe mtu anasoma humo au kitu kimo humo. Mjapani hutenganisha: toshokan de hon o yomu, anasoma kitabu maktabani, toshokan ni hon ga aru, maktabani kuna kitabu. De huonyesha tendo linapofanyika, ni huonyesha kitu kilipo. Akiwamo mwalimu, aru hugeuka iru: toshokan ni sensei ga iru. Aliyekulia katika ngeli ya A-WA hashangai kuona chenye uhai kikitengewa kitenzi chake.

Mifano ya namna hii ilikusanywaje kwa wingi? Profesa Yasuhito Tanaka wa Chuo Kikuu cha Hyogo aliwaagiza wanafunzi wake, kila mmoja alete jozi 300 za sentensi za Kijapani na Kiingereza. Baada ya miaka kadhaa zilifika takriban 212,000, na mwaka 2001 zikatolewa hadharani. Jim Breen wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, akaziunganisha na kamusi yake ya intaneti. Ufundi wenyewe uko hapa: kila neno ndani ya sentensi lilifungamanishwa na umbo lake la kamusi. Ukitafuta nomu, kunywa, unaletewa pia nonda, alikunywa, na nomanai, hanywi. Bila kazi hiyo, rundo lote lisingemfaa mwanafunzi.

Lakini wanafunzi wale walichota sana kwenye vitabu vya kufundishia Kiingereza. Makosa ya uchapaji na marudio yaliingia, na maelfu yalibidi kuondolewa. Baya zaidi ni Kijapani kilichofuata Kiingereza neno kwa neno: kare wa (yeye, mwanamume), kanojo wa (yeye, mwanamke), kila mara, ilhali Mjapani humwacha mtenda bila kumtaja muktadha ukitosha. Mwanafunzi akimeza sentensi mia za aina hiyo, atazungumza Kijapani ambacho Wajapani hawakisemi.

Baadaye mkusanyiko ulihamia Tatoeba, mradi ulioanzishwa na Trang Ho mwaka 2006, ambako watu wa kujitolea huongeza na kusahihisha. Kwa hiyo kabla ya kukariri, angalia kwanza nani aliandika sentensi. Chagua ya mzawa wa lugha, yenye neno moja tu usilolijua.