Neno Lililobaki na Maji Yaliyoachwa

Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipofika kwa Wanyakyusa mwaka 1891, walihitaji maneno kabla ya kuhitaji makanisa. Kwa kumtaja Mungu, Wakristo wa huko hutumia jina Kyala. Na kwa kusali, ukwiputa. Uchaguzi wa maneno haya mawili wastahili kupimwa kama tupimavyo fasiri ya shairi, maana ndani yake imo hukumu.

Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, ameeleza katika Communal Rituals of the Nyakyusa (1959) kwamba Kyala hapo kale alikuwa shujaa mmoja miongoni mwa wengine, kama Lwembe wa Lubaga, na mahali pake patakatifu palikuwa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, katika Kyela ya leo. Kwa hiyo jina lilikwezwa. Neno la pili lina habari nzito zaidi, kwani shina lake lahusiana na kupuliza. Mwenye hasira aliiungama mbele ya jamaa zake, kisha akapuliza maji kwa kinywa, iwe ishara kwamba moyoni hakubaki kitu. Hasira iliyofichwa iliaminiwa kuleta maradhi.

Hapa ndipo penye kasoro ya fasiri ile: ilihifadhi neno, ikaacha maji. Mwenye kuitetea atasema kwamba maji yale yalifungamana na matambiko ya wahenga, tena ubatizo ulikwisha kuleta maji mengine. Hoja hiyo ina nguvu, walakini haitoshi. Maji ya ubatizo humpata mtu mara moja maishani. Yale ya kinywani yalirudiwa kila ndugu walipogombana. Na Injili ya Mathayo yenyewe yamtaka mwenye sadaka aiache madhabahuni, akapatane kwanza na nduguye. Mzee wa Kyela alikuwa na ishara ya amri hiyo kabla hajaisikia.

Ishara si pambo la ibada. Huulazimisha mwili kukiri yale ambayo ulimi peke yake waweza kuyakwepa. Leo ngoma zimekaribishwa katika makanisa mengi ya Tanzania, na ni jambo jema. Lakini atakaye ibada yenye asili ya nchi asiishie kwenye ngoma. Na aulize: katika sala zetu, ni wapi mtu huitua hasira yake mbele ya nduguye? Mnyakyusa asemapo "kusali", neno lenyewe lamwuliza swali hilo.